Vibamba vya kloridi ya shaba badala ya chengachenga

Nilitaka vibamba vyembamba vya CuCl (kloridi ya shaba(I)), lakini kila mara naambulia chenga zisizo na umbo. Chumvi ya shaba(II) niliyoanzia, tetraklorokupreti ya dodesilipiridini, haikuwa na shida: ukiipasha moto inakuwa fuwele kimiminika, yaani inatiririka huku molekuli zake zimejipanga, matabaka yamelaliana kama chapati kwenye sahani. Kilichogoma ni vitamini C ya kawaida, ambayo kazi yake ni kuipa shaba elektroni ili iwe CuCl. Haipatani na mikia mirefu ya kaboni ya chumvi hiyo, yenye asili ya mafuta, inabaki punjepunje.

Nikahamia askobili palmiteti, vitamini hiyohiyo iliyofungwa mkia wa kaboni 16, njia aliyoichapisha mkemia Andreas Taubert mwaka 2004. Ikayeyuka kote, rangi ya njano ikafifia, unga mweupe ukajitokeza. Osha kwa ethanoli, kisha kausha upesi kwenye ombwe; hewa yenye unyevunyevu huugeuza kijani.