Mama anasema nasomea uhalifu

Mama yangu akiulizwa kanisani huyu binti yako siku hizi anafanya nini na laptopu mpaka usiku wa manane, anajibu bila wasiwasi wowote, "anasomea uhalifu." Nimeshamwambia mara mia aseme kriminolojia, au aseme tu masta inatosha, hataki. Kuna baba mmoja jirani alimjibu si angesomea hapa hapa mtaani, walimu wapo tele na ada hawachukui.

Basi ndo hivyo, huu mwaka wa pili nasoma masta ya kriminolojia na haki jinai kwa mtandao, chuo kiko Uingereza mi niko Arusha, mchana afisa ustawi wa jamii usiku mwanafunzi. Mambo ya ada ya pauni na mshahara wa shilingi sitayaongelea leo maana nitalia. Ila hili la saa lazima niseme. Semina zetu ni saa kumi na mbili jioni ya kwao, kwetu inakuwa saa mbili usiku, nikazoea vizuri tu. Mwisho wa Oktoba wenzetu wakarudisha saa nyuma, mi sina habari, nikaingia saa mbili yangu kamili, juu blauzi ya ofisini chini kanga, nikakaa peke yangu kwenye skrini, nazima wifi nawasha, nikajua bando limeisha nikanunua lingine, kumbe darasa sasa ni saa tatu. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, nililaumu jua.

Modyuli za mwanzo ni nadharia, na kiukweli nyingi unasoma huku unacheka. Yule daktari Lombroso wa Italia mwaka 1876 aliandika kwamba kuna watu wanazaliwa wahalifu na unawajua kwa taya, paji la uso, masikio. Nilivyofika kwenye masikio nikamkumbuka mjomba wangu, mzee wa kanisa, hajawahi kuiba hata ndizi, kwa vipimo vya huyu bwana tungekuwa tumeshamfunga zamani. Tukaruka tukaenda kwa wananadharia wengine, Beccaria, Merton, na wale wa chuo cha Chicago, nikawa nasoma nafaulu ila moyoni naona hayanihusu sana, mambo ya watu na miji yao.

Halafu wiki ya sita tukapewa makala ya Nils Christie, mwanakriminolojia mnorwe, alifariki 2015. Aliitoa kwanza kama mhadhara pale Sheffield 1976 ikachapishwa 1977, kichwa chake ukikiweka Kiswahili ni kama Migogoro ni Mali. Nimekaa kitandani, umeme umekatika, nasoma kwa mwanga wa laptopu yenyewe na chaji imebaki robo, mara mzee anasema twendeni kijijini mkoa wa Arusha, Tanzania. Nilikaa wima! Yaani nimelipa pauni zote zile niletewe Arusha nyumbani?

Anachosimulia ni kesi ya wachumba. Mwanaume alitoa mali nyingi muda mrefu, mwanamke akavunja uchumba, jamaa anataka vyake. Dhahabu na fedha na hela ni rahisi, zinarudi, sasa vile vitu vilivyotumika vikachakaa je, na gharama zile za hapa na pale? Na chumba kimejaa ndugu na marafiki, watu wanacheka, wanatupia maswali, ila wenye ugomvi ndo wako katikati na kila mtu anawasikiliza wao. Majaji watatu wapo pembeni hawana hata kazi, kwa sababu wanaojua mambo ya kijiji ni hao waliojaa chumbani. Kutokea hapo Christie anasema huko kwao ugomvi umeibwa. Wenyewe wamenyang'anywa, wamechukua wanasheria na serikali, na aliyeumizwa ndo anapoteza zaidi ya wote, maana hata kwenye kesi yake mwenyewe ni kama mgeni.

Nikamkumbuka mama wa cherehani.

Huyu ni mama mjane, fundi, nilikutana naye kikazi kwa sababu aliyemuibia alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na mtoto akishtakiwa huwa tunatakiwa tuandike taarifa yake ya kijamii. Kijana alikamatwa na cherehani ikapatikana siku mbili baadaye, nzima, hata uzi ulikuwa bado umo. Mama akafurahi akajua anaenda nayo nyumbani. Akaambiwa hapana mama, hiki sasa ni kielelezo. Ikafungwa stoo. Akawa anakuja kila tarehe, leo kesi inatajwa, leo upelelezi haujakamilika, leo shahidi hayupo, anapanda daladala kwa hela ya kukopa kwa sababu kitu cha kumpa hela kiko stoo. Siku moja nje pale kwenye benchi akaniuliza, "Mwanangu, huyu Jamhuri wanayemtaja kila siku ni nani? Aliibiwa nini yeye?" Nilicheka siku ile, nikamueleza kwamba Jamhuri ndo serikali, ndo inashtaki kwa niaba yake, yeye ni shahidi tu. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa harusi yake mwenyewe kaalikwa aje kupiga picha. Alikuwa anamjua yule kijana tangu anabebwa mgongoni, kitu alichotaka ni cherehani yake na yule mtoto aje na mama yake waongee. Hakuna tarehe hata moja aliyoulizwa hilo.

Kwa hiyo semina ya wiki ile mi ndo nikawa nyota. Mwalimu kajua natoka Arusha, kasema hebu tuambie. Darasani kwetu kuna polisi wa Leeds, dada mmoja wa Lagos, na mwingine anafanya kazi magereza Malta, wote wamenitolea macho. Nikaongea dakika kumi na tano bila kupumua, wazee chini ya mti, mbuzi walioingia shamba la mahindi la jirani, mnavyokaa tangu asubuhi mpaka jua linageuka na kila mtu anasema hadi mnachoka kugombana, mwisho faini inachinjwa inaliwa hapo hapo na aliyekosa anakula pamoja na aliyekosewa. Dada wa Lagos anatikisa kichwa tu anasema kwao vile vile. Nikajiona Christie mdogo.

Yule polisi akauliza swali moja la kipolisi kabisa: muhtasari anaandika nani?

Nikamjibu hakuna anayeandika, watu wote walikuwepo, wanakumbuka. Wakacheka, nikacheka, tukafunga. Nikazima laptopu usingizi ukakataa.

Sababu ni kwamba kuna mabaraza mengine nayajua na siku ile sikuyataja. Binti wa miaka kumi na tatu kaharibiwa na mtu mzima wa ukoo ule ule, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iko wazi, kifungo kisichopungua miaka 30, lakini sisi tukifika tunaambiwa hilo limeshakwisha, tumemalizana kifamilia. Limekwishaje? Mbuzi wawili na kreti ya soda. Pale napo kulikuwa na kikao, watu wamejaa, wameongea mpaka jioni, ukiangalia kwa mbali ni kile kile cha Christie. Ila katikati wamekaa baba zake wadogo na ukoo wa mwanaume, binti yuko jikoni anakoroga uji wa wageni. Hakuna aliyemwita. Na kweli hakuna aliyeandika, ukienda mahakamani mashahidi wote wamesafiri.

Sasa sikubaliani na Christie asilimia mia, japo nampenda yule mzee. Mwanamke wa kwenye hadithi yake alikuwa katikati ya chumba akaongea mwenyewe, ndo maana kesi ikawa tamu vile. Mama wa cherehani kanyamazishwa na Jamhuri, binti kanyamazishwa na ukoo, na mi kwa macho yangu hao wawili wameibiwa kitu kile kile. Hapo ndo nikapata kichwa cha tasnifu: kwenye vikao vya usuluhishi nani anaitwa kuongea na nani anaambiwa akapike. Supavaiza kapenda. Kamati ya maadili ya chuo nayo imependa ila inataka kila mzee nitakayemhoji asaini fomu ya kurasa nne, nimeitafsiri usiku kucha Kiswahili kizuri kabisa.

Jumamosi iliyopita nikapanda juu huko Meru kwa mzee mmoja rafiki wa marehemu babu, nimebeba fomu kwenye bahasha na sukari kilo mbili. Shikamoo, marahaba, chai, habari za mama, ndo nikatoa fomu. Akaigeuza mbele nyuma akaiweka mezani kama kitu cha moto.

"Mjukuu wangu, nisaini kwani nimekopa?"

Nikamwandikia supavaiza usiku ule ule. Kajibu jana, kamati inaweza kukubali ridhaa ya mdomo ila lazima irekodiwe, na niwaeleze kwa maandishi kwa nini mzee hasaini. Maneno mia tano. Nimeshafika mia tatu hamsini na LUKU inalia.