Mtu ni Afya: Tulichokijua Mwaka 1973 na Presha ya Leo

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, na kwa maoni yangu hatujawahi kufanya jambo kubwa kuliko lile katika kuwakinga watu na maradhi kabla hayajawafikia. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusomea katika vijiji na mitaa, wakaongozwa na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo mafupi, wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ikirusha vipindi vilivyoandaliwa kwa ajili yao. Masomo yalihusu maradhi waliyoyafahamu kwa uchungu, yakiwemo malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu.

Mafanikio yale husimuliwa mara nyingi kana kwamba yaliletwa na redio, lakini ukiangalia jinsi kikundi kilivyoendesha kazi yake utaona kwamba redio ilikuwa mwanzo tu. Wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadili jinsi ugonjwa ule ulivyowafikia wao pale walipoishi, kisha wakakubaliana watafanya nini. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, vichaka vilivyozunguka nyumba vikafyekwa, na madimbwi yakafukiwa. Mtu aliyeahidi mbele ya jirani zake kwamba atachimba choo hakuweza kulisahau jambo hilo kwa urahisi, kwa kuwa jirani hao hao walipita uani kwake kila siku.

Ninalikumbusha hili kwa sababu ya presha na kisukari. Kwa magonjwa haya tumerudi kwenye desturi ya kumwambia kila mtu peke yake: punguza chumvi, acha sigara, fanya mazoezi. Ushauri wenyewe ni sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya mkate, samaki wa chumvi na vile vipande vya kuungia mchuzi. Na linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo mtu anaweza kuzipata kwa kutembea kwa haraka. Tatizo ni kwamba ushauri huo hupewa mgonjwa, ilhali chakula hupikwa na mtu mwingine na chungu ni kimoja kwa nyumba nzima. Baba anayetoka kliniki na maagizo ya kupunguza chumvi anarudi kwenye mboga ile ile wanayokula watoto wote, na mpishi, ambaye hakuna aliyezungumza naye, anaona kama anaambiwa hajui kupika.

Hapo ndipo ninapoona kikundi kinahitajika. Akina mama wa mtaa mmoja wakikubaliana kupunguza chumvi kidogo kidogo, kuongeza ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, na kuondoa kikopo cha chumvi mezani, hakuna nyumba itakayoonekana maskini au ya wagonjwa kwa kufanya hivyo, na baada ya wiki kadhaa ulimi wenyewe huzoea. Vivyo hivyo kwa sukari ya chai, na kwa soda inayodhaniwa kuwa heshima ya lazima kwa mgeni.

Vikundi tunavyo tayari. Karibu kila mtaa una vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kuna jumuiya za makanisani na misikitini, na mijini kuna klabu za jogging zinazokimbia alfajiri za mwisho wa wiki. Kikoba, hasa, huwa na mfuko wa jamii ambao kwa kawaida hutoka pale mwanachama anapolazwa au anapofiwa. Ninaamini sehemu ndogo ya fedha hizo inaweza kununua mashine ya kupimia presha, kwa kuwa presha kwa kawaida haina dalili, na watu wengi huigundua wakati tayari imeshadhuru figo, moyo au ubongo.

Nimelipendekeza jambo hili katika kikoba chetu, na swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa zuri: nani atapima, na atasema nini akiona namba kubwa? Jibu langu ni kwamba mhudumu wa afya ngazi ya jamii aombwe kuwafundisha wanachama wawili watatu kupima kwa usahihi, yaani mtu apumzike dakika 5 akiwa ameketi, ameegemea, mkono ukiwa usawa wa moyo, na kipimo kirudiwe. Anayeonekana kufika 140 kwa 90 au zaidi aelekezwe zahanati akapimwe tena na kutathminiwa huko, wala asianzishiwe dawa na jirani, na aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa sababu siku hiyo namba zimeshuka. Namba za mtu ziandikwe katika daftari lake mwenyewe, zisitangazwe mbele ya mkutano.