Ziwa la Mabata Maji, Uani Kibosho

Tumefika Kibosho juzi, na binti yangu wa miaka 4 bado hataki kuvua kile kisketi chake cha wavu. Tangu tulipotoka kutazama baleti ukumbini kule Uingereza mwezi wa kumi na moja, kila anayemkuta lazima aonyeshwe.

Baleti, ile dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi bila maneno, mimi nilikuwa naiogopa. Nimekulia hapa Moshi, ambako mtoto akinong'ona misani anafinywa paja. Sasa nimpeleke huyu asiyetulia dakika tano kwenye ukumbi wa watu kimya, tena kwa tiketi za bei ile? Mama mwenzangu wa chekechea ndiye aliyenifungua macho: yapo maonyesho ya watoto. Swan Lake, yaani Ziwa la Mabata Maji, ambayo ya watu wazima inapita saa mbili, imefupishwa ikawa kama saa moja, na yuko msimulizi wa kueleza kinachoendelea. Taa hazizimwi zote. Anayebanwa na haja anatoka, anarudi. Hata hivyo nilichagua viti vya pembeni kabisa, tayari kwa kukimbia.

Sikukimbia. Ila mabata maji walipoingia kwa mstari, weupe watupu, binti yangu akapiga kigelegele. Kigelegele kamili, kile alichofundishwa na shangazi zake kwenye harusi ya hapa hapa mwaka jana. Nilijikunja kitini. Mzee wa mbele yetu akageuka, samahani ikiwa tayari mdomoni mwangu, kumbe anataka kujua ulimi unachezeshwaje.

Basi jana jioni, baada ya mtori, onyesho likahamia uani. Mama akauliza, "Hawaimbi, hawasemi? Sasa hadithi mtu anaijuaje?" Nikaanza kumweleza habari za Tchaikovsky, aliyeutunga muziki wake, na Moscow ya mwaka 1877 ilikochezwa mara ya kwanza, akanitazama kama namsomea risiti. Mjukuu wake ndiye aliyemwelewesha. Mikono ikizungushwa juu ya kichwa: njoo tucheze. Viganja kifuani: nakupenda. Ngumi mbili zikipishana mbele: kifo. Kisha akasimama wima kama malkia, akamkazia macho mwana mfalme ambaye hakuwepo, akagusa kidole cha pete.

"Huyo anamwambia mwanawe aoe," Mama akasema papo hapo. Hakuna aliyemdokeza.

"Lakini hataki, Bibi. Anakwenda zake ziwani usiku."

"Mh. Ziwani."

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 37, na kila Krismasi anapanda kutoka Dar peke yake. Alikuwa kwenye kigoda, kata ya mbege mkono mmoja, simu mkono mwingine. Mama akakohoa. Mdogo wangu alipoinua macho, alimkuta Mama ameunyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwake, amekigusa kidole cha pete, na hasemi neno.