Nilipoanza kupata hela ndo umeme ukashuka bei

Nimekaa Manzese miaka saba, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja nje, bomba hakuna, mita ya umeme moja tu imefungwa kwenye korido juu ya mlango wa mama mwenye nyumba. Mwaka juzi nikapata kazi ya mkataba nikahamia Kimara, chumba na sebule, choo ndani, mita yangu mwenyewe. Mwezi wa kwanza nikakaa na kalamu nipige hesabu nione haya maisha mapya yatanifilisi kwa kiasi gani, maana ukihamia kwenye vigae unajua kabisa hela itatoka. Nikamaliza, nikarudia tena nikidhani nimekosea. Ukitoa kodi ya chumba, karibu kila kitu kimeshuka. Umeme umeshuka, maji yameshuka, mpaka mchele. Yani mshahara umepanda na matumizi yameshuka kwa mpigo, na mi ni yule yule, nakula kile kile, feni ni ile ile ya Kariakoo inayopiga kelele.

Tuanze na umeme maana ndo ulinifungua macho. Tanesco, shirika la umeme, wana bei ya watumiaji wadogo, wanaiita D1, usipozidi unit 75 kwa mwezi unalipa shilingi 100 kwa unit, ukiweka na makato inakuwa 122. Ukizidi hapo unahamishiwa kundi la kawaida, 292, ambayo na makato yake inafika 356 hivi. Nia ni nzuri kabisa, kumsaidia mnyonge. Ila aliyepanga hivyo nahisi alikuwa anafikiria mnyonge anayekaa kwenye nyumba yake peke yake na mita yake, na huko Dar mnyonge wa hivyo yuko wapi? Sisi tulikuwa vyumba sita, kila chumba taa na feni na TV, chumba cha nne kuna jamaa ana friji anauza barafu, ukijumlisha unit mia tatu kwa mwezi hazikosi, na mita haijui kama humo ndani kuna familia sita, mita inaona mteja mmoja anayekula umeme kama mwenye viyoyozi. Basi wote tunalipa 356. Kimara natumia unit 50 kwa mwezi, nikaomba niwekwe kundi la matumizi madogo nikawekwa, nalipa 6,100. Unit 50 hizo hizo Manzese ni 17,800. Sasa niambieni hapo nani anamsaidia nani.

Na juu yake kuna kodi ya jengo. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, yani ukinunua umeme wa kulipia kabla, ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sa hivi buku jero. Kodi ni ya mwenye jengo, hiyo iko wazi, lakini anayeingiza tokeni ni mpangaji, na mpangaji anaambiwa amalizane na mwenye nyumba. Ukamdai mama mwenye nyumba buku jero na wewe mwenyewe unadaiwa kodi ya chumba ya miezi miwili? Hebu jaribu uone kama hujaambiwa chumba kuna mtu anakitaka.

Maji nayo hivyo hivyo. Mwenye bomba ndani analipa kama elfu mbili hivi kwa unit, na unit moja ni lita elfu moja, yani madumu hamsini. Sisi tulikuwa tunanunua dumu kwa jirani mwenye bomba, mia mia, maji yakikatika tunanunua ya mkokoteni, jero. Piga hesabu mwenyewe, madumu hamsini ya mia ni elfu tano, ya jero ni elfu 25. Elfu 25 kwa maji ambayo mtu wa Mikocheni anamwagilia maua kwa elfu mbili.

Dukani kwa mangi sisemi sana, kila aliyekaa uswahilini anajua. Mafuta ya kupima ya jero, sukari robo, mkaa wa kopo, sabuni kipande. Mangi sio mwizi, naye anapata hasara ya kumwagika na ya wale wa "niandikie", lakini mwisho wa mwezi ukijumlisha vijero vyote vya mafuta unakuta umenunua dumu la lita tano na hela ya ziada na dumu lenyewe huna. Wenzangu kazini wanachangishana wanaagiza mchele Kahama, gunia zima, bei ya mkulima. Wanaweza kwa sababu hela wanayo yote siku moja na wana mahali pa kuweka gunia. Bando la simu la siku, bando la mwezi, habari ni ile ile.

Kwahiyo ninachotaka kusema ni hiki: maskini wa mjini sio kwamba anapata kidogo tu, analipa zaidi kwa kitu kile kile kwa sababu hela yake inakuja kidogo kidogo. Na mwenye nacho anapewa punguzo kila anapogeuka, kwa sababu tu anazo mkononi. Pengo halikai kwenye mshahara peke yake, linachimbwa kila siku kwenye chenji.

Halafu wale wahamasishaji wanakuja na habari za amka saa kumi usiku, matajiri hawalali. Dada wa chumba cha mwisho anaamka saa tisa kukanda unga wa chapati, miaka saba yote nimesikia ule mlango wake. Kama utajiri ungekuwa unagawiwa kwa kuamka mapema yule angekuwa na ghorofa Masaki.

Huyo dada ndo alinifundisha kausha damu ni nini, hii mikopo ya mtaani ya riba kali. Alitaka kuongeza jiko la pili akachukua laki 3, mkononi akapewa laki 2 na elfu 70, iliyobaki sijui fomu sijui bima. Rejesho elfu 40 kila Jumatano, wiki kumi. Laki 4 kwa mkopo wa laki 2 na sabini, miezi miwili na ushee. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji wadogo, asilimia 3.5 kwa mwezi, yani kwa laki 3 hata ukipiga kwa ukali ni kama elfu 10 na jero kwa mwezi. Yeye alipangiwa mara ngapi ya hiyo. Wiki ya saba mtoto akaumwa homa, hela ya Jumatano ikaenda hospitali, wakaja vijana wawili wakakaa kwenye ndoo zake mlangoni asubuhi mpaka saa nane wateja wote wanaona. Jiko jipya likaondoka, na la zamani likaondoka. Mwaka ule ule mi nikakopa benki kwa barua ya mwajiri, asilimia 13 kwa mwaka, nikapigiwa simu kwa heshima na nikaulizwa kama nataka na kadi. Wakati biashara ya kila siku anayo yeye, mi nina karatasi tu.

Takwimu zenyewe zinaonyesha kuna kitu hakikai sawa. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2011/12 ulisema Watanzania walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 28.2, wa 2017/18 ukasema 26.4. Miaka sita, uchumi unakua asilimia sita na kitu kila mwaka, umaskini umepungua kwa pointi zisizofika mbili za asilimia, na pengo kati ya wa juu na wa chini likaongezeka kidogo. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Sasa huo mstari unahesabu umetumia shilingi ngapi, haukuulizi unit uliinunua shilingi ngapi. Mtu wa Manzese anayelipa umeme 356 na dumu la maji jero anaonekana katumia vizuri tu, yuko juu ya mstari, hongera zake.

Kuna wanaosema haya yote ni dhambi ya wakoloni. Sikatai. Jiji lilikatwa vipande, Oysterbay Wazungu, Upanga na mjini kati Wahindi, Kariakoo na Ilala Waafrika, Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati, na mabomba na mitaro vikafuata ramani hiyo. Mpaka leo tunasema Uzunguni na Uswahilini na hakuna Mzungu anayetulazimisha. Wengine wanasema turudi Azimio la Arusha, 1967, kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Mzee wangu analisifia Azimio hilo huku anatusimulia foleni ya sukari ya miaka ya themanini, kwenye sentensi moja. Mi naona lile sharti la viongozi lilikuwa na maana kubwa kuliko mashirika yote yaliyotaifishwa, na ndo lililolegezwa kule Zanzibar 1991. Kiongozi mwenye nyumba kumi za kupangisha atakuwa na haraka gani na sheria ya wapangaji?

Shule siziongelei leo, nikianza habari ya shule za kata na hizi za basi la njano hatumalizi.

Sasa tufanye nini. Serikali ikitaka kweli, mambo mengine hayahitaji mabilioni. Bei ya D1 ihesabiwe kwa kaya na sio kwa mita, serikali ya mtaa inajua nyumba gani ina vyumba vingapi, mjumbe anatujua mpaka majina ya watoto. Kodi ya jengo irudi kwa mwenye jengo. Ukomo wa riba usimamiwe kwa mtu kwenda mtaani siku ya rejesho akauliza, Jumatano moja tu inatosha kujua nani anatoza nini. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, ile 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba na ndo dawa ya kausha damu kabisa, ila ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na kuipata mpaka kikundi, usajili, katiba, andiko la mradi. Dada wa chapati aandike andiko la mradi saa ngapi? Anayeweza kuandika vile mara nyingi ni mtu kama mi, ambaye benki inampigia simu.

Mwezi uliopita nikarudi Manzese kusalimia. Nikampa mama mwenye nyumba shikamoo yake, nikamwonyesha hesabu za unit kwenye simu, nikamwambia mama ukiweka mita kila chumba watu wanapona. Akaniangalia. "Mwanangu, kuunganishiwa mita mjini laki tatu na elfu ishirini na kitu. Mara sita. Milioni moja na laki tisa na ushee, utanipa wewe?" Na kweli yule mama hana, ni mjane, hiyo kodi ndo dawa zake za presha. Nilikuwa nimeshamweka upande wa matajiri kwenye kichwa changu, kumbe naye ananunua mkaa wa kopo.

Tukakaa kwenye korido, wapangaji na yeye, tukapiga mahesabu mpaka usiku. Wamekubaliana kucheza mchezo, elfu 55 kila mwezi kila chumba, kila mwezi inatoka mita moja, anayefungiwa anakatwa hiyo hela kwenye kodi taratibu, mama kasaini kwenye daftari na mjumbe akagonga muhuri. Niliwaachia elfu 55 ya kuanzia kama chumba cha saba, wakacheka. Wakapiga kura kwa vikaratasi kwenye bakuli, mita ya kwanza ikamwangukia jamaa wa friji, na sa hivi kuna kesi kubwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba yeye ndo awe wa mwisho kwa sababu akitoka mapema wanaobaki hawana tena wa kumlaumu unit zikiisha.