Daraja la 3 si hatua ya 3: nilivyojifunza kusoma majibu yangu ya saratani ya titi

Nilikigusa nikiwa naoga: kinundu upande wa juu wa titi la kushoto, karibu na kwapa, kigumu kama kokoto. Hakikuuma, na kwa sababu hakikuuma nilikaa nacho wiki sita. Nilijiambia saratani lazima iume, tena kwetu hakuna aliyewahi kuugua, si mama wala shangazi. Yote mawili nilikosea. Uvimbe huu mara nyingi hauumi mwanzoni, na wagonjwa wengi hawana ndugu aliyewahi kuupata. Jeni za kurithi kama BRCA1 na BRCA2 huhusika kwa takriban asilimia 5 hadi 10 tu ya wagonjwa. Daktari aliponihoji, mambo yangu yalikuwa ya kawaida: mwanamke, miaka 51, nilivunja ungo nikiwa na miaka 11, uzito umezidi. Kila moja huongeza hatari, basi.

Nilipigwa mamogramu, yaani eksirei ya titi, kisha ultrasaundi, kisha nikachukuliwa kipande kidogo cha nyama ya kinundu kwa uchunguzi. Hicho cha mwisho ndicho nilichokiogopa. Walinichoma ganzi, sindano ikalia "tak!" kama stepla, mara nne. Nilihisi kusukumwa tu. Vinyama vyembamba kama uzi vikaingia kwenye kichupa chenye maji maangavu, nami nikawa navitazama nikijua jibu limo humo.

Karatasi ya majibu nilikabidhiwa jioni, ndani ya bahasha, na miadi ya daktari ilikuwa kesho yake. Mpaka leo naona mgonjwa hastahili kuachwa usiku kucha na karatasi ile bila mtu wa kumsomea. Niliona "saratani vamizi ya mirija, daraja la 3". Nikampigia mdogo wangu: "Nimefika hatua ya tatu." Tulilia wote kwenye simu.

Asubuhi tulikwenda pamoja, yeye ameshika daftari. Daktari alisikiliza, akachora mistari miwili. Daraja, alisema, ni jinsi seli zinavyoonekana kwa hadubini: zimeachana kiasi gani na seli za kawaida, zinagawanyika kwa kasi gani. Mambo matatu hupewa alama 1 hadi 3 kila moja; zangu zilijumlishwa zikafika 8, na 8 au 9 ndiyo daraja la 3. Hatua ni kitu kingine: ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, na kama umesambaa mbali. Wangu ulikuwa sentimita 2.6, tezi safi, haujasambaa. Hatua ya 2.

Mdogo wangu akauliza mistari ya chini ya karatasi ya majibu ilimaanisha nini. Vipokezi vya estrojeni na projesteroni, yaani protini za seli zinazopokea homoni hizo: hasi. HER2: 3+. Yaani vidonge vya kuzuia homoni visingenisaidia, lakini seli zangu zilikuwa na protini ya HER2 kwa wingi, na hiyo ina dawa yake. Zamani aina hii ilikuwa ya kuogopwa sana. Dawa hiyo, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilibadilisha hali. Nilipouliza nitaishi muda gani, daktari alinijibu bila kuzunguka: takwimu zinatokana na watu wengi waliotibiwa miaka iliyopita, mwili wangu utatoa jibu lake baada ya dawa.

Kwa hiyo nilianza na kemo, dawa kali za kuua seli za saratani, pamoja na dawa ya HER2, upasuaji ukafuata. Nywele zilikwisha, kucha zikawa nyeusi. Moyo ulipimwa kila baada ya miezi mitatu, maana dawa ya HER2 inaweza kuudhoofisha.

Karatasi ya pili, ya baada ya upasuaji, niliifungua mwenyewe kwenye korido. Hakuna seli hai za saratani zilizoonekana, kwenye titi wala kwenye tezi. Daktari alisema ni ishara nzuri sana, ila si hati ya kupona; sindano za dawa ya HER2 zitaendelea kila wiki tatu hadi mwaka utimie.

Nikampigia mdogo wangu. Safari hii nilimsomea mstari mzima, neno kwa neno.