Baba kasafiri

Mtaani kwetu kulikuwa na mwenzetu mmoja baba yake alikuwa "kasafiri". Kasafiri tangu tuko darasa la pili mpaka tunamaliza la saba hajarudi, na sisi wote tulikuwa tunajua mzee yupo mtaa wa pili tu hapo ana mke mwingine, ila ukiuliza jibu ni lilelile, kasafiri. Sasa juzi nasoma habari za Enid Blyton, yule mama Mwingereza aliyeandika vitabu vya watoto vya Famous Five, nakuta kumbe na yeye alilelewa na neno hilohilo. Uingereza, mwaka 1910. Niliguna peke yangu.

Enid kazaliwa 1897 East Dulwich, London, baba yake Thomas alikuwa anauza visu na vijiko, na huyu mzee ndo alikuwa rafiki yake kabisa, anamchukua wanaenda kutembea porini anamfundisha majina ya ndege na maua. Enid akiwa ana miaka kama 13 hivi, baba akabeba vitu vyake akahamia kwa mwanamke mwingine. Mama akawaambia watoto, mtu akiuliza semeni baba kaenda kutembelea watu. Basi. Ndo ikawa hivyo.

Akasomea ualimu, 1922 akatoa kitabu cha kwanza, cha mashairi, halafu 1926 akapewa kuhariri jarida la watoto, Sunny Stories. Ukisikia mhariri usije ukafikiria mtu anayesahihisha za wenzake, huyu karibu kila kitu mle anaandika mwenyewe, hadithi, barua kwa wasomaji, na kufika 1937 jina lake likawekwa kabisa kwenye jina la jarida. 1953 akaanzisha la kwake binafsi, likaenda hadi 1959. Na huku vitabu vinatoka tu, jumla kama 700! Alikuwa anakaa na taipureta magotini, ana shali lake jekundu la Moroko karibu maana alisema ile rangi inamchangamsha akili, halafu hadithi inajichezesha yenyewe kichwani kama sinema na yeye ananakili tu anachokiona. Maneno mpaka 10,000 kwa siku. Mi hii posti naiandika tangu Jumamosi.

Ila kilichonikamata mimi ni mbwa. Alikuwa na mbwa wake anaitwa Bobs, na kwenye gazeti la walimu alikuwa na safu ya watoto ambayo ndani yake kulikuwa na barua "imeandikwa na Bobs", leo nimemfukuza paka, leo nimechimba bustani nikagombezwa, vitu kama hivyo. Watoto walizipenda balaa, alipozikusanya kuwa kijitabu ziliuzwa nakala 10,000 wiki ya kwanza tu. Sasa mwaka 1935 Bobs akafa. Na barua zikaendelea! Wiki hadi wiki, Bobs anasimulia mambo yake kana kwamba yupo, wakati keshazikwa. Yani ni kasafiri ileile ya mama yake, safari hii kwa watoto wa Uingereza nzima.

Halafu ikaja zamu ya wanae wenyewe, na hapa ndo sikupenda. Aliolewa 1924 na Hugh Pollock, bosi mmoja wa kampuni iliyokuwa inachapa vitabu vyake, wakapata mabinti wawili, Gillian na Imogen. Ndoa ikavunjika 1942, mwaka uliofuata akaolewa na daktari wa upasuaji, Kenneth Darrell Waters, na watoto wakabadilishwa jina la ukoo wakapewa la baba mpya. Hugh alikuwa kaahidiwa atawaona mabinti zake, hakuwaona tena. Mtu aliyeachwa na baba ndo huyo anawafutia wanae baba. Imogen alikuja kuandika kitabu kuhusu mama yake, 1989, kikali kwelikweli, kwamba hakuwa na chembe ya umama. Gillian yeye alimkumbuka vizuri tu, kwa hiyo sijui, nyumba moja watoto wawili kila mtu na mama yake.

Na kabla hamjaniuliza, ndio, ubaguzi wa rangi kwenye vitabu vyake upo. Kuna kisa chake cha mwanasesere mweusi ambaye wenzake hawampendi mpaka mvua inamwosha rangi anabaki wa pinki, ndo wanampenda. Mtoto wangu hicho sitamsomea.

Enid amefariki 1968, miaka ya mwisho kumbukumbu zilikuwa zimeshamtoka.

Yule mwenzetu nilikutana naye kwenye harusi mwaka jana, ana kitambi sasa, ana watoto watatu. Nikamuuliza mzee hajambo? Hakufikiria hata sekunde. "Hajambo," akasema, "kasafiri."