Maua Juu ya Kaburi: Nikimkumbuka Joey Ramone

Leo ni tarehe 15 Aprili, na mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri bila kukatika. Kila mwaka ikifika siku hii huweka spika za masikioni na kumsikiliza Joey Ramone, mwimbaji wa bendi ya Ramones ya Marekani, aliyefariki siku kama ya leo mwaka 2001 mjini New York kwa saratani ya tezi za limfu, ukiwa umebaki mwezi mmoja na siku chache atimize miaka 50. Nyimbo zake nyingi ni za kuchangamsha tu, za mapenzi na za vijana waliochoshwa na maisha. Ninaourudia zaidi si mmojawapo wa hizo, bali ni wimbo wa mwaka 1985 kuhusu makaburi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Jeffrey Ross Hyman. Alizaliwa mwaka 1951 katika familia ya Kiyahudi na kukulia Forest Hills, mtaa wa Queens. Alikuwa kijana mwembamba mno, mrefu karibu mita 2, mwenye macho dhaifu na maradhi ya akili yaliyomlazimisha kugusa kitu kilekile, au kushuka na kupanda ukingo wa barabara, mara nyingi kabla ya kuweza kuendelea na safari. Mwaka 1974 yeye na wenzake wa mtaani walianzisha bendi ya Ramones, na kila mmoja akajiita kwa jina hilo kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Mwanzoni Joey alipiga ngoma. Baadaye aliachiwa kipaza sauti, na Tommy akashika ngoma. Tommy alikuwa mzaliwa wa Budapest, na wazazi wake walikuwa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 zisizofikisha nusu saa, na gharama ya kuirekodi ilikuwa takribani dola 6,400 tu. Muziki wa panki, yaani roki ya kasi na ya makelele, kama ulimwengu unavyoujua, ulijifunza kutembea kwa nyimbo hizo.

Katika albamu hiyo mna jambo ambalo limenikera kwa miaka mingi. Mna maneno yanayochezea alama na misamiati ya Kinazi, yaliyotoka zaidi kwa Dee Dee, mpiga besi, aliyeishi Ujerumani utotoni kwa kuwa baba yake alikuwa mwanajeshi wa Marekani. Anayeyaimba ni Joey, Myahudi. Wapo wanaosema kwamba kumtia Myahudi maneno hayo kinywani ndiyo njia kamili ya kuwadhihaki Wanazi, na nusu yangu hukubali. Nusu nyingine husikia kijana aliyeimba alichopewa kwa sababu alikuwa na haja kubwa ya kuwa na mahali pa kusimama.

Ndiyo maana mwaka 1985 unanigusa. Tarehe 5 Mei mwaka huo Rais Ronald Reagan wa Marekani, akiandamana na Kansela Helmut Kohl, alikwenda kwenye makaburi ya wanajeshi huko Bitburg, Ujerumani Magharibi, ambako wamezikwa pia askari 49 wa Waffen-SS, tawi la kijeshi la kikosi cha SS cha Wanazi. Wiki chache kabla yake Reagan alikuwa amesema kwamba vijana waliozikwa pale nao walikuwa wahanga wa Unazi, sawa na waliouawa kambini. Elie Wiesel, mwandishi Myahudi aliyenusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz, alimwambia usoni Ikulu: "Mahali pale, Mheshimiwa Rais, si mahali pako. Mahali pako ni pamoja na wahanga wa SS." Reagan alikwenda hata hivyo, na siku hiyohiyo akapitia pia iliyokuwa kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, kana kwamba ziara moja ingeweza kuisawazisha nyingine.

Joey aliitazama ziara hiyo kwenye televisheni, akachukizwa. Akishirikiana na Dee Dee na Jean Beauvoir, alitunga wimbo "Bonzo Goes to Bitburg", ambao ulitoka Uingereza mwaka huohuo. Bonzo ni sokwe aliyeigiza pamoja na Reagan katika filamu ya mwaka 1951. Dhihaka inaishia kwenye jina. Katika wimbo wenyewe sauti ya Joey inapanda kama ya mtu aliyedhulumiwa nyumbani kwake, na hainifikii kama sauti ya mzaha hata kidogo.

Mimi nimekulia Morogoro, na utotoni tulipelekwa Mazimbu kuona makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliofia ugenini. Nakumbuka ukimya wa watu wazima, na jinsi mama mmoja alivyoinama kuondoa majani makavu juu ya kaburi kwa vidole, jani moja moja, kana kwamba anamtengeneza mtoto nywele. Tangu siku ile najua kwamba anayeweka maua kaburini anasema jambo, hata asipofungua kinywa. Ilinifurahisha sana nilipogundua baadaye kwamba mwaka huohuo wa 1985 sauti ya Joey ilisikika pia katika wimbo "Sun City", ambamo wanamuziki walioongozwa na Steven Van Zandt waliapa kutotumbuiza katika hoteli hiyo ya kifahari iliyojengwa Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini iliwatengea Waafrika, chini ya kivuli cha ubaguzi wa rangi.

Ndani ya bendi, ujasiri huo ulikuwa na bei. Johnny, mpiga gitaa, alikuwa mhafidhina aliyempenda Reagan waziwazi, na tayari yeye na Joey walikuwa wamenuniana, kwa kuwa Johnny alimchukua msichana aliyekuwa mpenzi wa Joey na hatimaye akamwoa. Walisafiri pamoja miaka na miaka, wakapanda jukwaani zaidi ya mara 2,000 hadi onyesho la mwisho mwezi Agosti 1996, nao hawakuwa wakizungumza. Hujaribu kuwaza kiti cha gari kilichokuwa kati yao. Sidhani kama mimi ningeweza kuimba kila usiku hatua tatu kutoka kwa mtu niliyeachana naye kwa moyo na kwa siasa, na bado sauti isitetemeke.

Wimbo wa Bitburg ulipoingizwa katika albamu ya mwaka 1986, Johnny alishikilia kwamba jina libadilishwe. Ukapewa jina "My Brain Is Hanging Upside Down", na lile la awali likasukumwa nyuma. Jioni hii, mvua ikiwa bado inapiga bati, nimeucheza mara nne. Kwenye kioo cha simu jina refu linapita taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, na Bitburg inakuja mwisho kabisa, ndani ya mabano.